Nimeandika p na f zote kwenye MuseScore, mp3 inatoka bapa, na soprano wameimba "fumba"

mwalimu_wa_domo_la_mamba

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia, na wengine habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari huku Sengerema. Kwaya ya kigango naifundisha kwa bahati mbaya tu: miaka sita iliyopita mwalimu wa kwaya alihamishwa kikazi, watu wakaangaliana, mimi ndiye nilionekana najua kusoma nota. Kutunga nimeanza mwaka juzi. Kuchapa kwenye kompyuta nimeanza mwezi wa pili mwaka huu, kwa MuseScore 4, programu ya kuandika nota, kwa kuangalia video za watu kwenye simu.

Paroko wetu anatimiza miaka 25 ya upadre, na nimetunga wimbo wa shukrani. Vipimo 64, sauti nne kila moja na stafu yake (ile mistari mitano ya nota), chini kinanda stafu mbili. Nota zimeingia vizuri, maneno yameingia vizuri. Tatizo ni zile alama za nguvu ya sauti. Kiitikio kinaanza taratibu, kinapanda, halafu kinalipuka kwenye maneno "Umba moyo mpya ndani yetu". Nikaweka p (taratibu) mwanzoni, nikaandika cresc. (ongeza sauti kidogo kidogo), nikaweka f (kwa nguvu) kwenye "Umba". Jumla alama 47, nimezihesabu.

Nilizichapa kwa Ctrl+T, kwa sababu kwenye video jamaa alisema Ctrl+T unaandika chochote unachotaka juu ya nota. Zikatokea juu, mimi nikazivuta kwa kipanya zishuke chini ya stafu, maana kwenye kitabu cha kinanda nilichonacho naziona ziko chini.

Jumamosi nikatoa nakala 30 steshenari, nikagawa. Nikawasha na mp3 kwenye spika ili wasikie. Mambo mawili yakatokea.

La kwanza, mp3 ni bapa kama chapati. Toka kipimo cha 1 mpaka cha 64 sauti ileile. p haipungui, f haipandi, kana kwamba sijaandika kitu.

La pili, tulipofika kwenye kiitikio, soprano wote kumi na mmoja wakaimba kwa furaha kabisa: "FUMBA moyo mpya ndani yetu!" Nikasimamisha. Nikauliza nani kawaambia "fumba"? Mama mmoja akanyanyua karatasi: "Mwalimu, si umeandika mwenyewe?" Nikaangalia. Kweli bwana. f yangu imekaa mstari mmoja na maneno, herufi ya aina ileile, ukubwa uleule, imegusana na U. fUmba. Kwaya nzima ikacheka dakika tano, mpiga kinanda akalala juu ya kinanda.

Naomba msaada. Kwa nini sauti haibadiliki? Zinatakiwa kukaa juu au chini? Na lile domo la mamba, alama ya kukuza au kupunguza sauti (ndivyo ninavyowafundisha kwayani, kama ninavyowafundisha Kidato cha Kwanza alama za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko") nalichoraje? Nimehangaika na kila aina ya mstari.

---

besi_wa_benchi_la_nyuma

Nimecheka mpaka mke wangu ameuliza kuna nini. Fumba moyo mpya!

Mwalimu, fungua mixa kwa F10, pale panapotakiwa sauti kubwa pandisha, panapotakiwa ndogo shusha. Mimi ndivyo nafanya.

---

mchapanota_Moshi

Besi, hapana. Mixa inaweka kiwango cha wimbo mzima, kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiipandisha soprano umeipandisha hata pale penye p. Usimtie mwenzio shimoni.

Mwalimu, milele amina. Mimi ni dada yako wa Moshi, nachapa nota za watunzi kwa malipo, mwaka wa nane huu. Kazi kama yako naletewa kila mwezi, kwa hiyo usijione mshamba. Kosa lako ni moja tu na limezaa yote mawili.

Ctrl+T inaandika maandishi ya kawaida. Ukichapa f kwa njia hiyo, kwa MuseScore hiyo ni herufi ya sita ya alfabeti ya Kiingereza, basi. Ingekuwa sawa na kuandika "Wasimame" au "Solo" au "Mpiga ngoma asubiri". Programu haiwezi kujua kwamba hii f inaamuru sauti na ile "Solo" haiamuru. Alama ya nguvu ya sauti ni kitu kingine kabisa ndani ya programu, kinaingia kwa mlango wake, kina herufi zake nene zilizolala ambazo huwezi kuzichanganya na maneno. Ndiyo maana pia soprano wako walikosea kihalali: maandishi ya Ctrl+T na maneno ya wimbo hutoka kwa fonti ileile na ukubwa uleule usipobadilisha. Yule mama alisoma kilichoandikwa.

Jipime mwenyewe. Bofya ile f yako, halafu angalia pembe ya chini kushoto ya dirisha. Utaona "Staff text". Ingekuwa alama ya kweli ungeona "Dynamic". Mimi nikipokea faili la mtu, hicho ndicho kitu cha kwanza kukagua kabla hata sijataja bei.

Sasa dawa. Bonyeza F9 paleti zifunguke upande wa kushoto, tafuta paleti ya "Dynamics". Bofya nota ya "U" ya "Umba", kisha bofya f ndani ya paleti. Imeisha. Kama toleo lako la 4 ni la karibuni, unaweza kubofya nota, ukabonyeza Ctrl+D, ukachapa mf (nguvu kiasi) au pp (taratibu sana) kwa kibodi tu, bila kwenda paleti. Mimi paleti siigusi tena kwa hizi, mkono wa kulia unabaki umepumzika.

Zile 47 za zamani usizifute kwa mkupuo. Najua utashawishika kubofya kulia na kuchagua vyote vinavyofanana. Vinavyofanana kwa programu ni maandishi yote ya Ctrl+T, pamoja na "Solo" na "Wote" kama uliyaandika. Nilishafuta maelekezo yote ya padre mmoja namna hiyo, yakiwa kurasa kumi na mbili, na faili nilikuwa nimeshalihifadhi. Pita moja moja, nusu saa itatosha.

Juu au chini? Kwa waimbaji, JUU ya stafu. Sababu ni nyepesi: chini pamekaliwa na maneno. Kitabu chako cha kinanda hakina maneno, na kinanda kina stafu mbili, kwa hiyo alama hukaa katikati yake ili ihudumie mikono yote miwili. Uliiga nyumba ya jirani ambaye hana mlango upande ule. Ukikuta alama imekaa chini, ibofye kisha bonyeza X, itaruka juu. Ukitaka zote kwa pamoja, nenda "Format", kisha "Style", kuna ukurasa wa dainamiki, weka mahali pake pawe juu. Ila tafadhali usizivute kwa kipanya. Ukivuta kwa kipanya leo, kesho ukibadilisha ukubwa wa karatasi zinabaki zimening'inia hovyo.

Domo la mamba ndiyo utalipenda. Bofya nota ya kwanza, shika Shift, bofya nota ya mwisho, eneo liwe la bluu. Kisha bonyeza kitufe cha < kwa kupanda, au > kwa kushuka. Alama zako za hesabu zilezile.

Na domo lipe p mwanzoni na f mwishoni. Karatasini watu wataelewa hata ukiliacha wazi, kwa sababu watakutazama wewe mkono unavyopanda. Kompyuta haina mkono wa kuutazama, itakisia tu domo linaishia wapi.

---

mwalimu_wa_domo_la_mamba

Dada wa Moshi, Mungu akupe maisha. Nimekaa na kompyuta mpaka saa nne usiku. Kweli nilipobofya ikasema "Staff text". Nikajisikia kama mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi kwenye ukurasa wa swali lingine.

Na ile p < f imenifurahisha kupita kiasi. Ni sentensi kamili ya hesabu: p ni ndogo kuliko f. Kesho kutwa naiandika ubaoni.

Sasa hali ilivyo: nimefuta zote, nimeweka upya, zote juu, karatasi imependeza mno. Mp3 nimetoa. Soprano sasa anapungua na kupanda. Lakini alto, tenor na besi wako vilevile bapa, wanamfunika. Halafu kuna kipimo cha 23, nota moja ndefu ya mapigo manne kwenye "-pya", nimeweka domo la mamba kwenye nota hiyo moja, p hadi f, na haipandi. Inaanza kidogo halafu inafifia, kinyume kabisa na nilichoandika.

---

mchapanota_Moshi

Niambie ukweli mambo mawili. Alama umeweka kwenye stafu ya soprano peke yake, sivyo? Na sauti za waimbaji umezibadilisha ziwe piano?

---

mwalimu_wa_domo_la_mamba

Ndiyo yote mawili. Alama niliona nikiweka juu kabisa inatosha, kila mtu ataona. Na piano niliweka kwa sababu kwenye spika za simu ile sauti ya kwaya ya kompyuta inasikika kama nyuki kwenye debe.

---

mchapanota_Moshi

Nyuki kwenye debe, haha. Nimeielewa.

La kwanza: kila stafu ina masikio yake. Alama iliyo juu ya soprano, alto haisikii. Na si kompyuta tu. Ukitoa karatasi ya besi peke yake, watu wa besi hawatakuwa na p hata moja, wataimba wanavyojisikia, na besi tunawajua wanavyojisikia. Kwa hiyo kwenye stafu nne, alama nne. Usichoke kuweka moja moja: bofya nota ya soprano, shika Ctrl, bofya ya alto, ya tenor, ya besi, kisha bofya p kwenye paleti mara moja, zote zinaipata.

Kinanda ni tofauti. Stafu zake mbili ni ala moja, alama moja hapo katikati inazihudumia zote.

(Siku ukichapa kwa stafu mbili tu, soprano na alto wakiwa wamekaa pamoja, matoleo ya karibuni yanakuruhusu kusema alama hii ni ya sauti ya kwanza pekee. Bofya alama, F8, utaona sehemu ya sauti. Zamani hilo halikuwepo, tulikuwa tunalia tu.)

La pili, kuhusu "-pya" yako. Huko kompyuta haina kosa, imekuwa mwaminifu kwa piano. Piano inapigwa nyundo mara moja, kuanzia hapo uzi unafifia hadi unyamaze. Hakuna mpiga piano duniani anayeweza kuikuza nota akishaipiga. Mwimbaji ana pumzi nyuma ya nota, anaweza kuikuza apendavyo. Ukitaka usikie kupanda ndani ya nota moja lazima ala iwe ile ya kuimba, au ya filimbi, au ya nyuzi za kusuguliwa. Ninachofanya mimi: faili moja la piano kwa ajili ya kujifunza nota, na faili jingine la sauti za kwaya kwa ajili ya kusikia wimbo unavyopumua. Zipo sauti za kwaya nzuri zaidi za kupakua bure kupitia Muse Hub, ila mafaili ni makubwa, tafuta mahali penye waifai ya mtu mwingine.

---

alto_wa_Kisumu

Hamjambo hapo Tanzania. Hii ya p < f imenichekesha kwa sababu mimi natumia Dorico, programu nyingine ya nota, na huko unaandika hivyohivyo. Unachagua nota, unabonyeza Shift+D, kisanduku kinafunguka, unachapa p<f, Enter. Yaani mwalimu wa hesabu angekuwa nyumbani.

Nilihamia huko baada ya Finale, programu ya zamani ya nota. Wenye nayo, MakeMusic, walipotangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka 35, nilikuwa na mafaili zaidi ya mia mbili ya kwaya ya shule, mengine ya tamasha la muziki la kitaifa. Nilitoa yote kwa MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi za nota. Nota zilihama salama. Kilichonitesa ni hizi hizi alama: mahali ambapo nilikuwa mvivu nikaandika "f" kama maandishi, zilifika upande wa pili zikiwa maandishi. Uvivu wa 2011 umenifuata.

---

solfa_mpaka_kaburini

Vijana, shikamooni mnazonipa nimezipokea, ingawa hakuna aliyetoa.

Nimefundisha kwaya tangu enzi za kuandika do re mi kwa chaki, karatasi ya stensili, wino mikononi mpaka Jumatatu. Sol-fa ya Curwen, ileile waliyotuletea wamisionari, na p na f tuliziweka juu ya herufi na watu wakaimba. Sasa naona mnagombana na mashine iwe na hisia. Haya.

Nina mawili tu.

Kwanza, alama 47 kwenye vipimo 64 ni nyingi. Mwimbaji wa kigango anasoma nota, anasoma maneno, anakutazama wewe, ana mtoto mgongoni. Ukimwekea mp (taratibu kiasi) kipimo cha 9, mf kipimo cha 11 na mp tena kipimo cha 12, ataziacha zote. Mpe chache anazoweza kuzikumbuka akifumba macho. (Sijakosea, nimeandika "akifumba" makusudi.)

Pili, hili ndilo limenileta. Niliona kwenye maelezo ya mwalimu kwamba domo la mamba linaishia kwenye "-pya" ya "mpya". Na mkazo mmeweka wapi? Lugha yetu ina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Alama ya mkazo ikianguka kwenye silabi ya mwisho, neno linavunjika shingo. Nimewahi kusikia kwaya kubwa kabisa ikiimba "mo-YO", "Bwa-NA", kwa sababu mtunzi alikuwa na nota nzuri ndefu pale mwishoni akaipenda, akaiwekea >. Lugha haikuulizwa. Mkumbuke "barabara". Sema ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa. Sema ba-ra-BA-ra, umesema njia ya magari. Ukitunga "Tumtumikie barabara" ukaweka mkazo pabaya, watu wanamtumikia Mungu kwenye lami.

Kwa hiyo mwalimu, kiitikio chako kisome kwanza kwa mdomo, bila nota, kama unaongea na mtu. Sauti yako yenyewe itakuonyesha mahali pa kupanda. Halafu ndiyo uende kwenye hiyo kompyuta.

Na kwa faida ya besi: hicho kinanda mnachokiita piano kinaitwa kwa alama hizi hizi. Fundi wa Florence, Bartolomeo Cristofori, kama mwaka 1700 hivi, alitengeneza kinanda ambacho kidole kikigusa taratibu sauti inakuwa ndogo, kikigusa kwa nguvu inakuwa kubwa. Harpsichord, kinanda cha wakati ule, haikuweza hilo. Wakakiita cha "piano e forte", cha taratibu na nguvu. Watu wakachoka na jina refu wakabakiza nusu. Tumebaki na chombo kinachoitwa "taratibu" ambacho vijana wanakipiga kwa ngumi.

---

besi_wa_benchi_la_nyuma

Shikamoo mzee. Nimesikia.

Swali: hiyo alama ya mkazo > na domo la kushuka > si kitu kimoja?

---

mchapanota_Moshi

Marahaba kwa niaba ya mzee, najua hatajibu.

Besi, ni vitu viwili. Mkazo ni kidogo, kinakaa kwenye kichwa cha nota moja, maana yake gonga hii. Domo la kushuka ni refu, linatandaza juu ya nota kadhaa. Tatizo ni domo la kushuka lililowekwa kwenye nota moja fupi, kwenye karatasi linaonekana kama mkazo ulionenepa, na mwimbaji anagonga badala ya kupungua. Kwenye MuseScore mkazo ni Shift+V, nota ikiwa imechaguliwa. Domo ni > peke yake. Ukiwa na shaka, andika dim. (punguza sauti) kwa maneno, lakini uichukue kwenye paleti ileile ya dainamiki, ile yenye mstari wa vidoti. Usiichape kwa Ctrl+T, tutarudi kulekule.

Mzee wa sol-fa, hoja ya mkazo nimeinakili niibandike ukutani kwangu. Kwa hoja ya uchache tunatofautiana kidogo. Ninachapa pia alama ambazo hazitaonekana. Mwalimu, hii itakufaa: ukitaka mp3 ipungue mahali fulani lakini hutaki kumjazia mwimbaji karatasi, weka alama, ibofye, bonyeza V. Itabaki kijivu kwenye kioo, inafanya kazi kwenye sauti, kwenye nakala ya karatasi haipo. Kwa hiyo karatasi inabaki na zile chache za mzee, na mp3 inapata zile 47 zako.

---

mwalimu_wa_domo_la_mamba

Shikamoo mzee. Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa nafanyia kazi.

Nilifanya ulivyosema. Jumanne jioni nilisimama jikoni nikakisema kiitikio kwa mdomo, watoto wakidhani nasali. "Umba moyo mpya ndani yetu." Nikagundua kwamba "mpya" nikiisema kawaida, nguvu inaanguka kwenye ile m yenyewe, kisha "pya" inashuka. Mimi nilikuwa nimeijengea "pya" ghorofa ya mapigo manne na domo la kupanda juu yake. Nimehamisha. Sasa domo linaanzia "Umba", linafika kilele kwenye "mo-" ya "moyo", na "pya" inabaki ndefu lakini inashuka, yaani >. Ile shida yangu ya piano kufifia imegeuka kuwa sahihi yenyewe bila mimi kufanya kitu.

Alama kwenye karatasi zimebaki 14. Zilizobaki nimezipiga V zote. Stafu nne zote zimepata alama zake, kinanda katikati. Mp3 nimetoa tano: moja ya wote kwa sauti za kwaya, na nne za piano ambapo nimeshusha wengine kwenye mixa nikaacha sauti moja iongoze (Besi, mixa yako imepata kazi). Nimetupia kwenye grupu Alhamisi usiku.

Jumamosi hii wamekuja wamesikiliza. Nilijua kwa sababu tenor, ambao kwa kawaida huanza kila kitu kwa f bila kuombwa, walianza kiitikio kwa p. Nilidhani wanaumwa. Yule mama wa soprano alishika karatasi mpya mbali kidogo na macho, akaichunguza, akasema, "Leo hiyo f imepanda juu, haitaki tena kuungana na mtu." Tukaimba mara nne. Mara ya tatu, kwenye "moyo", paa la mabati lilitoa mlio.

Limebaki moja. Katibu wa kwaya ndiye anachapa ratiba ya misa ya jubilei, na majina ya nyimbo aliyachukua kutoka kwenye zile nakala 30 za mwanzo, kabla sijazikusanya. Ratiba zimeshatoka, 300, karatasi ya rangi, zimekunjwa. Wimbo wa shukrani, namba saba: "Fumba Moyo Mpya".

---

besi_wa_benchi_la_nyuma

Mwalimu, tutumie moja ya hizo ratiba tafadhali. Nauli ya kifurushi nalipa mimi.

---

mchapanota_Moshi

Mbili.